Familia Inayoanza Kujitegemea: Daftari Kwanza, Kuku Mwisho

Familia nyingi zinazoamua kupunguza matumizi na kujizalishia sehemu ya chakula chao huanza kwa kununua kuku. Sisi pia tulianzia hapo. Mwaka tuliohamia kwenye kiwanja chetu pembezoni mwa Kibaha, mkoani Pwani, tulinunua matetea ishirini, tukawajengea banda la mabanzi, tukawa tunawanunulia chakula cha mfuko dukani, na kabla ya miezi minne kutimia kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza upesi, kilipita na kuua kumi na saba ndani ya juma moja. Fedha ile ilikuwa ya mkopo, na marejesho yaliendelea kudaiwa wakati banda limekwishageuka stoo ya kuni. Ninauandika mwongozo huu kwa ajili ya familia iliyosimama pale tuliposimama sisi wakati ule, yenye kiwanja kidogo au hata chumba cha kupanga, kipato kisichotabirika, na hamu ya kweli ya kuacha kuishi kwa kubangaiza.

Kanuni tuliyoifikia baadaye ni nyepesi kuitaja na inahitaji uvumilivu kuifuata: kila hatua ilipiwe na akiba iliyopatikana katika hatua iliyoitangulia. Mkianza na jambo lisilogharimu kitu, akiba yake itanunua kitu kidogo, na hicho nacho kitaokoa fedha ya kununulia kikubwa zaidi. Kwa mwendo huo familia haikopi, na jambo moja likiharibika hasara yake inabaki kuwa ndogo. Ndiyo maana hapa daftari linatangulia, kisha moto, maji, mboga na akiba ya nafaka, na kuku wanaingia baada ya hayo yote.

Siku thelathini za kuandika tu

Nunueni daftari la kawaida la shule, mlifunge kwa kamba jikoni pamoja na kalamu yake, na kwa siku 30 andikeni kila shilingi inayotoka nyumbani, ikiwa ni pamoja na nauli, vocha, vitumbua vya asubuhi, na ile miatano anayopewa mtoto ili anyamaze. Iandikwe papo hapo, kwa kuwa matumizi madogo husahaulika kabla ya jioni. Katika siku hizo msibadili chochote. Familia inayojibana kabla ya kujua fedha yake inavujia wapi hubana mahali pasipovuja, mara nyingi kwenye sahani za watoto, na baada ya majuma mawili kila mtu amechoka na mpango umekufa.

Kabla ya ukurasa wa kwanza kuandikwa, kaeni pamoja. Sisi tulikaa mkekani baada ya chakula cha jioni, na mke wangu alitoa sharti moja, kwamba daftari liwahusu wote, na kahawa yangu ya kijiweni iandikwe sawasawa na mchicha wake. Nilikubali, na ninaamini bila sharti hilo tusingefika popote. Binti yetu wa darasa la tano alikabidhiwa kazi ya kujumlisha kila Jumapili, na tangu siku hiyo hapakuwa na aliyethubutu kuruka siku.

Mwezi ulipokwisha tulikuta tumenunua mkaa mara 26, kila mara kwa kopo, na mafuta ya kula ya kupimiwa mara 22. Kopo moja la mkaa halimuumizi mtu siku anapolinunua. Hata hivyo, muuzaji amenunua gunia, akaligawa kwa makopo, na riziki yake inatoka katika tofauti iliyopo kati ya gunia na kopo, jambo ambalo ni haki yake. Kuifahamu tofauti hiyo kwa bei za mtaani kwenu si kazi kubwa: pimeni kopo moja kwenye mizani ya duka, gawanyeni bei kwa uzito, fanyeni vivyo hivyo kwa gunia, kisha zidisheni tofauti ya kila kilo kwa kilo mnazotumia kwa mwezi. Hesabu hiyo hiyo ifanyike kwa mafuta, sukari, unga na sabuni. Hapo mtaona kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua kwa jumla, ingawa kwa kawaida yeye ndiye mwenye kipato cha chini.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa madeni: deni kwa Mangi mwenye duka, hisa na marejesho ya vicoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, na ile mikopo ya riba ya kila siku au kila juma ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mikopo ya aina hiyo ya mwisho ilipwe kabla ya kununua hata mbegu, kwa kuwa hakuna bustani inayokua upesi kuliko riba yake.

Moto

Hatua ya kwanza ya vitendo ni jikoni, kwa sababu ndiko fedha inakookolewa bila kununua chochote. Anzeni na maharage. Yakichaguliwa, yakaoshwa na kulowekwa usiku kucha, huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko yanayotiwa sufuriani yakiwa makavu, na maji ya kulowekea yakimwagwa hata gesi tumboni hupungua. Jambo la pili ni mkaa unaobaki baada ya kupika. Nyumba nyingi huuacha uteketee wenyewe jikoni, ilhali ukichotwa kwa koleo na kutiwa kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, huzima kwa kukosa hewa na kesho yake huwaka tena. Sisi tulikuwa tukiteketeza karibu theluthi ya kila kopo kwa njia hiyo, usiku baada ya usiku, bila kuona kwamba ni fedha.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni jiko la kikapu, ambalo halina moto kabisa. Chukua kikapu kikubwa cha ukindu au tenga, kitandike ndani kwa sufi, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au matambara safi, unene wa kiganja chini na pande zote, ukiacha katikati nafasi inayolingana barabara na sufuria yako. Shona mto wa kitambaa uliojazwa vitu hivyo hivyo uwe wa kufunikia juu. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu kwa dakika 30, yakiwa yamefunikwa, kisha epua sufuria bila kufunua mfuniko, iingize kikapuni, ibane kwa mto na uiache kwa saa nne au tano. Utakapoifungua utayakuta yameiva na bado yanatoa mvuke, na kazi iliyobaki ni kuyarudisha motoni yachemke tena na kuyaunga. Mchele ukichemka dakika tano tu hujimalizia humo humo kwa muda usiofika saa moja. Nusu saa ile ya mchemko mkali isipunguzwe, hasa kwa maharage mekundu, kwa maana yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli, na joto la kikapu peke yake haliiondoi. Vilevile chakula kisilale kikapuni usiku kucha, kwani kikipoa na kuwa vuguvugu huharibika.

Akiba ya mwezi wa kwanza inaweza kununua jiko banifu lenye udongo wa kufinyangwa ndani, na ya miezi inayofuata inaweza kununua mkaa kwa gunia, wanaoweza wakachangia gunia na jirani. Wenye umeme na fedha kidogo zaidi wafikirie sufuria la presha la umeme, ambalo huivisha maharage kwa kama nusu uniti. Jueni pia kwamba kwa bei za umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa bei ya chini sana, hivyo pasi na jagi la umeme ni vitu vya kutazamwa kwa makini kabla ya taa. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumbani kwa ajili ya joto au kupikia usiku huku madirisha yamefungwa. Gesi yake ya sumu haina harufu na imeua familia nzima zikiwa usingizini.

Fedha iliyookolewa iingie kwenye kibubu jioni ile ile. Ikibaki mfukoni itatumika, na mtajiuliza akiba imekwenda wapi. Kibubu chetu kilikuwa na jina la kitu kinachofuata, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MIFEREJI.

Maji ya paa

Hesabu ya maji ya mvua ni nyepesi kiasi kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10 ina mita za mraba 80, na mvua ya kawaida ya milimita 20 italeta lita 1,600. Toa moja ya tano inayorukia nje au kupotea njiani, utabaki na lita 1,280, yaani ndoo 64 za lita 20 kwa mvua moja. Mlipokuwa mkinunua maji kwa ndoo, fedha hiyo ilikuwa ikiwapitia juu ya vichwa kila masika na kila vuli.

Msisubiri mpaka mpate tangi la lita 2,000. Anzeni na mfereji wa upande mmoja wa paa, ule ambao mafundi huuita gata, ukiinamia kidogo upande wa kutokea maji, na pipa moja la lita 200 lililokuwa la chakula au mafuta ya kula. Pipa lililobeba kemikali lisitumike hata likioshwa mara kumi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, maana inashuka na vumbi, majani na vinyesi vya ndege, na hata katika mvua zinazofuata dakika chache za mwanzo zielekezwe pembeni. Mdomo wa pipa ufunikwe kwa wavu mwembamba, kwa kuwa mbu wanaoeneza homa ya dengi hupendelea kuzaliana katika maji safi yaliyotulia. Maji haya yanafaa kwa kufulia, kuoshea vyombo, kuogea na bustani, na ya kunywa yachemshwe kama mengine yote.

Kazi ya mfereji ifanyike kabla ya Oktoba ili vuli isiwakute na mabomba mkononi, au kabla ya Machi kwa ajili ya masika. Sisi tulichelewa mwaka wa kwanza. Tulisimama barazani tukitazama maji yakichimba mitaro kuzunguka msingi wa nyumba, na kesho yake tukanunua ndoo sita.

Maji yaliyokwisha kutumika nayo yana kazi. Tulichimba kitaro kutoka bafuni hadi kwenye migomba miwili, na migomba hiyo haijawahi kumwagiliwa kwa maji mengine. Maji ya suuza ya vyombo humwagwa kwenye mashina ya mipapai, na maji yenye dawa kali za kusafishia choo hayatumiki kabisa.

Mboga kabla ya mahindi

Hapa ninaomba msomaji anivumilie, kwa sababu karibu kila mtu aliyepata kiwanja cha 20 kwa 20 hupanda mahindi mbele ya nyumba, na mimi ninasema asipande. Mahindi huhitaji nafasi, hukaa shambani miezi mitatu hadi minne, na mwisho wake utavuna debe moja au mawili ya kitu ambacho wakati wa mavuno huuzwa kwa bei nafuu kwa kilo. Mboga za majani hununuliwa kila siku, kwa fungu, kwa bei inayopanda kila mvua inapokatika, na eneo la mita mbili kwa tatu linatosha kulisha familia ya watu sita sehemu kubwa ya juma. Rudini kwenye daftari mjumlishe mafungu ya mchicha, matembele na chainizi ya mwezi mzima, kisha mwamue wenyewe nini kipandwe kwanza.

Udongo wa Pwani ni wa kichanga na haushiki maji wala mbolea. Badala ya kuinua tuta kama wafanyavyo kwenye udongo wa mfinyanzi, lizamisheni: chimbeni kina cha nusu futi, changanyeni udongo na samadi iliyooza au mboji ndoo moja kwa kila mita ya mraba, na uso wa tuta ubaki chini kidogo ya njia ili maji yakimwagwa yakae. Kisha funikeni uso wote kwa matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba. Baba yangu alisoma shule ya msingi katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, wakati kila shule ilikuwa na shamba lake, na anasema walichapwa kwa kuacha udongo wazi. Fimbo siikubali, ila somo lenyewe lilikuwa la kweli: tuta lililofunikwa humwagiliwa mara moja ambapo lililo wazi lingetaka mara mbili.

Mboji hutengenezwa kwa kile kinachotupwa. Pangeni tabaka la majani makavu, juu yake maganda na mabaki mabichi ya jikoni, kisha samadi kidogo na udongo, mrudie mpaka lundo lifike kiunoni, mkilinyunyizia maji kila tabaka. Lifunikwe, ligeuzwe kila baada ya majuma mawili au matatu, na baada ya miezi mitatu hivi litakuwa jeusi, lenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Nyama na mafuta visiingie, kwani vitaleta panya.

Mchicha huvunwa kati ya siku 21 na 28 tangu kusiwa, na makosa ya wanaoanza ni kusia mbegu zote siku moja, wakala mchicha majuma mawili kisha wakarudi sokoni. Sieni mstari mmoja kila baada ya siku kumi na nne. Matembele hupandwa kwa marando yenye urefu wa kama sentimita 30, theluthi mbili zikiwa zimefukiwa, na yakishika huchumwa kwa miezi mingi. Mihogo michache kwenye mpaka itawapa kisamvu na, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, mihogo yenyewe. Chagueni vipande vya mbegu kutoka kwenye mashina yasiyo na majani yenye mabaka na yaliyojikunja, maana hiyo ndiyo batobato, na ugonjwa husafiri ndani ya mbegu. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu bila haraka, ili sumu yake ya asili iishe. Vidukari wakishambulia sukuma wiki, twangeni majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, yachujwe, yatiwe sabuni kidogo na kunyunyiziwa jioni upande wa chini wa majani. Na mashina matatu ya mchicha yaliyostawi kuliko yote yasiguswe, yaachwe yatoe mbegu za msimu ujao.

Anayeishi nyumba ya kupanga asijione ametengwa. Salfeti moja ya kilo 100 ni bustani inayohamishika. Simamisha ndani yake, katikati, kopo kubwa la rangi lililooshwa vizuri na kukatwa pande zote mbili, jaza kopo hilo kokoto, jaza pembeni mchanganyiko wa mafungu matatu ya udongo na mawili ya samadi hadi usawa wa kopo, kisha livute kopo juu ukiziacha kokoto mahali pake. Rudia hivyo hadi gunia lijae, utakuwa umepata nguzo ya kokoto inayoteremsha maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni kwa umbali wa kiganja, panda matembele na sukuma wiki katika matundu, na mchicha juu. Maji ya asubuhi na jioni yamiminwe kwenye kokoto. Jirani yetu mmoja, mjane anayepanga chumba kimoja, ana magunia manne ukutani na hajanunua mboga tangu tulipomsaidia kuyapanga, isipokuwa siku za wageni.

Gunia la Julai

Familia ikipika ugali mara moja kwa siku na kutumia kilo moja ya unga, gunia la kilo 100 litadumu miezi mitatu. Bei ya mahindi huwa chini wakati wa mavuno ya nyanda za juu kusini, takriban Juni hadi Agosti, na hupanda kadiri ghala za watu zinavyopungua, ikafika juu mwanzoni mwa mwaka unaofuata, wakati ule ule ada na sare za shule zinapodaiwa. Anayenunua gunia moja mwezi Julai na kuliweka kwa ajili ya Januari amejipunguzia mzigo mahali panapouma zaidi. Nasema gunia moja, kwa mwaka wa kwanza. Msinunue manne kabla hamjajua kuhifadhi.

Adui wa kwanza ni unyevu. Yamwageni mahindi juu ya turubai juani, kamwe si juu ya ardhi, kisha yapimeni kwa chumvi. Tieni konzi ya mahindi na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ifungeni, itikiseni kwa dakika chache na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi mno kuhifadhiwa. Ikianguka chini bila kushika, yako tayari. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa na hudhuru ini. Punje zilizooza au kubadilika rangi zitolewe moja moja, na wasipewe kuku pia, kwani nao hudhurika.

Adui wa pili ni dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye wakulima walimpa jina la skania. Dhidi yake na wenzake tumia mfuko wa tabaka tatu unaozuia hewa, unaofahamika kwa wengi kama mfuko wa PICS. Jaza mfuko wa ndani ukishindilia kidogo kidogo, kamua hewa, uusokote shingo na kuufunga kwa mpira, kisha fanya hivyo kwa mfuko wa pili na wa tatu, kila mmoja na kamba yake. Wadudu watamaliza hewa iliyobaki na kufa bila dawa yoyote. Usifunguliwe kwa miezi miwili ya mwanzo, uwekwe juu ya chaga mbali na ukuta, na utazamwe dhidi ya panya, kwa sababu tundu moja linaharibu kazi yote. Wakati wa kusaga, sageni dona. Haikobolewi, kwa hiyo hakuna kinachobaki mashineni, na hushibisha kuliko sembe.

Mafuta ya kula sijawahi kuona faida ya kuyakamua nyumbani. Nunueni dumu la alizeti pamoja na majirani wawili au watatu msimu wa mavuno na mgawane. Sabuni nayo ni vivyo hivyo, tuliijaribu mara mbili na malighafi ilikula akiba yote.

Kuku, sasa

Mnapofika hapa mna mabaki ya mboga, maji, uzio wa kuzuia kuku wasiingie bustanini, na fedha ndani ya kibubu. Anzeni na matetea watano wa kienyeji na jogoo mmoja, walionunuliwa nyumba moja mnayoifahamu na si mnadani, ambako magonjwa hukutana. Wakae mbali na kuku wa jirani kwa majuma mawili kabla ya kuchanganyika nao.

Chanjo ya kideri ndiyo inayotangulia banda zuri. Ile inayostahimili joto hutolewa kwa tone moja katika jicho moja, kwa kila kuku mkubwa na mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko mlio nao, hivyo waiteni majirani wachange na wote wachanje siku moja, jambo ambalo pia linawalinda wenu. Tarehe iandikwe kwenye daftari lile lile la jikoni, na miezi mitatu ijayo iandikwe mbele yake. Kuku anayeonekana mgonjwa hachanjwi, hutengwa kwanza.

Tetea akitaga mayai kumi hadi kumi na tano atataka kuatamia. Andikeni siku aliyoanza kulala juu ya mayai, mhesabu siku 21, na mwachieni mayai yasiyozidi kumi na mawili, yale ya mwisho kutagwa, na mengine mle. Vifaranga wakiangua wafunikwe kwa tenga pamoja na mama yao kwa majuma ya mwanzo, wakipewa mahindi yaliyoparazwa, dagaa waliotwangwa na maji kwenye kisahani chenye kokoto ili wasizame, maana kunguru wa Pwani huchukua kifaranga mchana kweupe mbele ya macho yako. Watenganisheni na mama yao wanapofikisha majuma manne hadi sita, wakiwa na manyoya ya kutosha na mahali pa joto pa kulala. Mama asiyelea hurudi kutaga mapema, na binti yetu, ambaye sasa yuko sekondari, ameongeza kwenye daftari safu mpya kwa ajili ya kila tetea na mayai yake.